Alichokisema Tilly makumbushoni

Kerryn, upo?

Si unajua leo niliwapeleka watoto kwenye makumbusho ya mauaji ya Wayahudi, maana masomo yetu ya nyumbani yamefika Vita vya Pili vya Dunia. Bibi mmoja, Rozalia, akatusimulia jinsi mama yake na dada zake walivyouawa kwenye kambi ya Wanazi.

Tilly akanyoosha mkono. Tilly wangu, miaka kumi! Akasema, "Lakini babu anasema haya mambo mmeyatunga."

MMEYATUNGA! Mbele ya yule bibi, Kerryn!

Nilitamani ardhi ipasuke. Rozalia akamuuliza taratibu, "Babu yako ni nani, mwanangu?"

Tilly akajibu kwa fahari, "Ndiye mwalimu wetu wa historia."

Na ni kweli. Baba yangu mzazi! Kila Alhamisi namwachia wanangu, naenda kazini moyo umetulia.

Tulipoaga, Rozalia akanishika mkono. "Usimgombeze mtoto. Kamgombeze aliyemfundisha."

Sasa nimeegesha gari nje kwa baba. Ameshaniona dirishani, ananipungia mkono, anacheka. Nampenda huyu mzee, Kerryn. Naingia kumwambia hatawafundisha tena.