Chai Chini ya Boriti ya Tano

Jumanne, baada ya Isha

...na kidole bado kinauma kwa kuigonga ile boriti, ya tano kutoka mlangoni. Nyingine zinajibu kavu. Hii inalia kama mtungi mtupu. Mchwa wameshaila ndani.

Nyumba ya tajiri wa zamani, kuta nene za matumbawe, vyumba vyembamba kama vya kwetu Lamu. Ni lazima viwe vyembamba: boriti za mikoko zilitoka kwetu, na chumba hakizidi urefu wa boriti. Ndiyo maana nikaletwa mimi kuikarabati. Kesho dari inapakwa rangi, wiki ijayo watalii wanaingia.

Nilimwambia msimamizi wetu, Bwana Nassor, Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai.

"Fundi, boriti nzima hiyo. Imekaa miaka mia. Ipake rangi, khalas, yamekwisha."

Miaka mia! Kana kwamba mchwa wanahesabu... Nikashuka ngazi. Viza yangu iko mikononi mwake.

Marehemu baba, naye fundi, hakukabidhi nyumba kabla ya kukaa na mwenye nyumba chini ya dari, wakanywa chai; asiyethubutu kukaa, haiamini dari. Basi alasiri nikatandika mkeka chini ya ile ya tano, nikamimina vikombe viwili.

"Karibu, Bwana Nassor."

Akaitazama dari. Akachukua kikombe chake, akarudi nacho mlangoni, akanywa amesimama mpaka chai ikaisha.

Naogopa kurudishwa nyumbani, sikatai. Lakini kesho rangi sipaki.