Musimupe Baba Samaki ya Kukaanga

Katuba, Lubumbashi

Mama yangu mupenzi,

Jambo yako Mama, jambo ya Baba pale analala. Jambo Yaya Chola na bwana yake, jambo mudogo wangu Mwansa na mimba yake, jambo Kambo yetu muzee na magoti yake, jambo batoto bote ba ile nyumba. Muko namna gani? Siye tuko, tunapumua. Yaya Chola, musomee Mama polepole, usiruke kitu.

Mama, Kabwe muuza samaki, ule wa kinga, baiskeli yake, aliniambia Baba alihara sana, sasa anaanza kupona, na analilia bukari ya unga ya mahindi na samaki ya kukaanga. Tangu pale silale. Ningekuya mi mwenyewe, lakini tangu batu baliiba mu magazini, maduka yote ya mjini, malori haitembei, na njia ya Kasenga imejaa basoda na bunduki yabo. Njo maana naandika, Kabwe atabeba barua ku kinga.

Musimupe! Hapa bwana yangu alipata ugonjwa ile ile, wakati robine za maji zilikauka tukakunywa maji ya shimo. Kuhara kulipoisha, muganga ya dispanseri akasema tumbo yake iko sawa kidonda, tumupe bintu laini, kidogo kidogo. Nikamupikia muchele ya kulainika na samaki ya kuchemsha. Akasukuma sahani.

«Hii ni ya mutoto. Bukari iko wapi?»

Na Tantine Kayumba, dada yake, mukono mu kiuno: «Kaka yangu alichoma mwili ku fonderi, kuyeyusha shaba, leo unamulisha uji? Unataka nani akuoe kisha weye kumuua?»

Nilienda kutafuta maji. Kurudia, nikakuta Tantine amemusongea bukari ya nguvu, na samaki inaogelea mu mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Bwana alikuwa anacheka, jasho ku paji. Mbele jua haijashuka alijikunja chini sawa mutoto, na kuhara kukarudia. Tantine alilia. Mama, nilifikiri namuzika.

Alipopata nguvu kidogo nikajiuliza: huyu, bila bukari, atasema hajakula mupaka afe. Sasa sikia vile nilifanya. Nilipika muchele na maji mingi mupaka ikapasuka, nikaisonga na mwiko, nikaizungusha mu sahani sawa bukari, nikafunika. Samaki nilitoa ngozi na mafuta ya tumbo, nikaichemsha ku moto kidogo na chumvi ya ncha ya kidole na tomati moja ya kumenya, bila mbegu, bila pilipili. Kisha nikachambua nyama na vidole, mufupa kwa mufupa. Nikamuletea maji ya kunawa mikono, sawa ku meza ya bageni.

Akanawa. Akamega, akachovya. Akaniangalia.

«Mama Ilunga, hii bukari yako inateleza.»

Mbele nijibu, Tantine akasema: «Kula, kaka. Na unga nayo iliibiwa, ile ilibakia njo hii.»

Bwana akacheka mupaka akashika tumbo. Alijua, Mama. Lakini akamaliza, akapangusa sahani na kidole, akasema: «Leo nimekula.» Na haikumuuma. Sasa anatembea mupaka ku barza.

Mama, Baba ni muvuvi, atataka kichwa ya samaki na mafuta yake. Katala. Umuzungushie muchele mu sahani, umufunikie, umunawishe mikono. Akikasirika, aseme ni mi nilimunyima. Na kama mulikwisha kumupa ya kukaanga, usijilaumu, anza tu upya na maji ya kuchemsha.

Ilunga, mujukuu wako, anasalimia Kambo yake ya Luapula. Bwana yangu anasalimia mukwe wake, na Tantine Kayumba anasema Baba asifanye kichwa nguvu sawa kaka yake.

Kabwe anarudia huku kisha soko. Nakuomba, umupe jibu mbiyo, usingoje karatasi ya muzuri. Hata neno moja tu: anakula.

Mi mutoto wako,
Mama Ilunga