Vidole Vitatu vya Upindo

Jumatatu, 8 Januari 1934
Shule zinakaribia kufunguliwa. Kaptula za kaki tu, tangu asubuhi. Leo Bwana Girish, mwenye duka na kaki, katoka ndani, kasimama barazani nyuma ya cherehani yangu, kainua upindo niliokunja. Kapima kwa vidole vyake: vitatu. Kauliza hii ya ndani nani anaiona. Nikamwambia ndiyo akiba ya mama – mtoto akirefuka, analeta, nafungua. Kila fundi wa hapa Kisumu hufanya hivyo. Akacheka. Basi weka kidole kimoja, kasema.

Jumanne, 9 Januari
Ajabu! Kitambaa cha kaptula kumi kimetoa kumi na moja. Nimepima mara mbili, sikuamini. Kumbe miaka yote hii tunashona kaptula nzima na kuificha ndani ya zingine!

Jumamosi, 13 Januari
Girish kapunguza bei. Watu wamejaa barazani, wengine wametoka mbali, Nyakach huko. Baba mmoja kanunua mbili, mwaka jana alipata moja kwa shida. Nami nalipwa kwa kipande, kwa hiyo nimefaidi. Sasa hapa nani kapunjwa? Natafuta simwoni.

Zeituni, mke wangu, anasema nimwonyeshe mteja upindo huo wa kidole kimoja kabla hajalipa. Nimemwambia hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 14 Januari
Bado nawaza. Akiba ile ni ya nani – ya mwenye kitambaa au ya mvaaji? Girish si mwizi, kaki ni yake. Lakini mimi ndiye fundi, na mshono ukiharibika watu hutaja jina langu, si lake.

Alhamisi, 10 Mei
Mvua kidogo. Naandika hapa hapa barazani, kwenye daftari la vipimo, maana mkono hautaki kushona.

Kaja Mama Obura wa Pap Onditi, mteja wangu wa miaka sita. Kaleta kaptula ya Januari. Kaki imerudi, imefupika kwa kufuliwa, na mtoto amerefuka. "Fundi Faraji, fungua kama ile ya kaka yake." Nikajifanya natafuta mkasi. Akaipindua mwenyewe, akapapasa ukingo wote, kiunoni pia, asipate cha kufungua. Akaniuliza kwa upole tu: "Ni wewe uliyekata?"

Girish kasema kutoka ndani ya duka, mwambie mpya ni rahisi siku hizi. Mama kajibu kwamba ile ya zamani ilivaliwa na watoto wawili.

Nimesema ndiyo, ni mimi. Nimeona aibu.

Hakugomba. Kaenda kwenye kamba ya kaptula mpya, anazipindua moja moja, anapapasa, anaiacha hivyo, ndani nje. Amefika ya tano. Wanawake wawili waliokuwa wamekwishachagua wamerudisha zao mezani kwangu, na mmoja ananiomba chaki, ati nimchoree kwenye kaptula pale upindo wa vidole vitatu unapotakiwa kufika. Girish ananiita. Lakini chaki nimeshaishika –