Hita ya Gari na Safari ya Mama

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mabati.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu tele. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mgongo wako umepoa, au bado unainuka kitini kwa awamu? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukaba. Nguo tunazoanika asubuhi, jioni tunazianua zikiwa bado mbichi. Kaka yako bado yuko kazini mbali na simu zake ni za kubahatisha, lakini kila akipiga anakuulizia.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Uliniandikia nikuletee mama akae kwako moja kwa moja, kwa kuwa alikuambia kwenye simu kwamba hapa amekuwa mzigo. Niliumia kidogo, wifi, kisha nikaona una haki. Tangu ahamie kwetu, mimi na yeye tulikuwa kama watu wawili wanaosubiri kuitwa kwenye ofisi moja. Asubuhi shikamoo, marahaba. Jioni umeshindaje, salama. Basi, kila mtu chumbani kwake na adabu zake.

Lakini gari la kumleta lilikuwa gonjwa. Unalijua lile kuukuu letu la kijani. Ilianza harufu tamutamu ndani, kama sharubati iliyomwagika. Zulia la upande wa abiria likalowa. Halafu kioo cha mbele kikaanza kushika ukungu kwa ndani, ukungu wenye mafuta, kila ukifuta ni kama unapaka.

Siku niliyompeleka mama kliniki ya macho, kioo kiliziba kabisa tukiwa kwenye mteremko wa shule. Mama alivua mtandio wake akawa ananifutia, mimi nimetoa kichwa dirishani. Lori la mikate likatupitia karibu hadi likakikunja kioo chetu cha pembeni. Nikasimamisha gari kando ya barabara. Mama akasema tu, "Usinitoe tena kwa ajili ya macho haya. Yameshakwisha." Tukageuza, hatukufika kliniki. Jioni nikamkuta anapanga nguo zake kwenye begi.

Kesho yake nikaenda gereji. Fundi wa pale tunamwita Taratibu, maana hajawahi kukimbilia kitu. Alinieleza kwamba nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita. Maji ya moto ya injini hupita humo, na feni ikipuliza ndipo gari linapata joto na kioo kinakauka. Yetu ilikuwa imetoboka.

"Chenyewe ni kidude kidogo," akasema, "ila kukifikia mpaka uvue dashibodi nzima, na gereji yangu imejaa mpaka mwezi ujao. Labda niiruke hita, niunganishe mipira ya maji, uendeshe hivyo hivyo."

Nikamwambia njia ya kwenda kwako inapanda milimani. Bila hita sitaiona hata pua ya gari. Akakuna kichwa. "Basi anza kuvua mwenyewe nyumbani. Nitakuwa napita mchana kukuangalia."

Mimi muuguzi, niliyezoea kufungua bandeji! Nikaomba likizo, nikatafuta rejeta mpya duka la spea, nikaazima spana. Nikachomoa waya wa betri, nikakinga maji ya rejeta kwa beseni, nikajilaza kichwa chini miguu juu ya kiti. Mara nikasikia sauti mlangoni: "Hizo skrubu unazitupa ovyo, utajuaje zilikotoka?"

Alikuwa mama, na chaki yake ya kushonea na furushi la vitambaa. Alivuta kigoda akakaa. Kila skrubu niliyompa aliichoma kwenye kitambaa, akachora pembeni mahali ilipotoka, kwa mistari minene anayoweza kuiona.

"Mama, ingia ndani, kuna baridi."

"Baridi ya wapi? Lete nyingine."

Sebule yangu ungeiona ungecheka. Dashibodi ilijinyoosha kwenye sofa kama mgeni aliyechoka na safari, na redio ikakaa juu ya meza ya chakula.

Tukakwama kwenye bolti moja ya nyuma kabisa. Mkono wangu haukufika, wa Taratibu ndio usiseme. Mama akavua bangili, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho. "Cherehani nimeitia uzi gizani miaka yote," akasema, akaanza kuzungusha spana kidogo kidogo.

Mkono ukiwa bado ndani, akaniambia bila kunigeukia, "Nilidhani nimekubana nyumbani kwako."

"Na mimi nilidhani hupapendi. Hata chakula changu unaonja tu."

Akazungusha spana tena. Kisha akasema, "Chumvi. Chumvi unatia nyingi mno, mwanangu. Nilikuwa naona haya kusema."

Wifi, nilicheka mpaka nikajigonga kichwa kwenye usukani. Naye akacheka, na bolti ikatoka katikati ya kicheko.

Rejeta mbovu tuliichomoa ikiwa imeota kutu ya kijani, sponji yake inachuruzika. Mpya ikaingia vizuri. Mipira iliyokakamaa nayo tukaibadilisha, tukarudisha kila kitu kwa kufuata michoro ya mama. Mwishoni ikabaki skrubu moja isiyo na kwao. Mama akafuta machozi ya kucheka: eti marehemu baba aliwahi kuifungua cherehani yake, vikabaki vipande viwili, na ikashona vizuri kuliko mwanzo!

Nikawasha gari. Hita ikapuliza hewa baridi tupu. Nilitaka kulia, wifi. Nilikaa nimeshika usukani.

Taratibu alipokuja akasikiliza, akasema hewa imenaswa kwenye mipira. Tukalipandisha gari kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, pua juu. Tukaiacha injini ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta kubwa ya mbele, ndipo tukawasha. Maji yakatoa mapovu, akawa anaongeza, mapovu yakaisha. Ghafla joto likaja. Mama akaweka viganja, kisha shavu. Kioo kikakauka, ukungu wote ukaisha.

"Twende kliniki," akasema, "kabla sijabadili mawazo."

Tulikwenda siku hiyo hiyo. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na jicho la kulia linafaa kupasuliwa. Wamempangia mwezi ujao.

Kwa hiyo tunakuja Ijumaa, sote wawili. Tandika vitanda viwili. Usinikasirikie, lakini lile begi amelifungua na nguo zimerudi kabatini. Amechukua za wiki moja. Siku hizi chumvi anaitia yeye, na mimi nakula bila kulalamika.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na shangazi mpe pole ya mguu. Mungu awape nyumba yenye joto na usingizi usiokatika.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, mwenye kucha nyeusi na moyo mweupe.

Mama amesimama nyuma yangu, anataka niongeze maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie binti yangu nakuja kutembea. Sihami."