Changarawe ya Masunga

Maabara, Dar es Salaam
Ijumaa mchana

Mdogo wangu Masunga,

Mwangaluka. Mimi mzima, ila moyo haujatulia. Mayu, mama yetu, mguu wake unaendeleaje? Na mkeo bado anatembea, au siku za kujifungua zimekaribia? Niandikie na hayo, si habari za ng'ombe peke yake.

Nimekuonea wivu, Masunga. Usicheke kwanza.

Yule mtafiti aliyekuja huko kutafuta changarawe ya kunyanyulia barabara pale mbugani ndiye bosi wangu. Mwaka wa nane huu naosha makopo ya udongo, na kila kiangazi namwomba anichukue safari, hata nikahesabu tu malori ya pamba yanayopita barabara hiyo, maana tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe mnasema yanapishana mchana kutwa. Hakunichukua. Amerudi na mifuko tisa ya udongo, na wa tisa umeandikwa MASUNGA kwa mwandiko wako uliopinda.

Basi wiki nzima ikawa Masunga, Masunga. Eti mifuko minane alichimba pale ramani ilipoonyesha, ndipo ukaja na fimbo yako ukamwambia, "Bwana mtaalamu, huku umepotea. Twende kilimani, ng'ombe wangu hupita kule masika yote na hawazami." Eti angekupata mapema asingesumbuka. Nani alikufundisha kuandika hilo jina? Mimi ndiye niliyesoma, wewe ulitoroka shule ukachunge. Sikumwambia kuwa wewe ni ndugu yangu. Niliendelea kuosha makopo kana kwamba sikujui.

Tulishindilia kila udongo kwenye kopo la chuma, tukauloweka siku nne, kisha mashine ikaukandamiza kwa chuma kupima nguvu yake. Nilikuwa naomba wako ulainike. Ule wa mfuko wa tatu, uliochimbwa ukingoni mwa mbuga, ulilegea kama uji. Wa kwako ulikataa kabisa kuingiwa na chuma. Nilikuwa peke yangu, nikabadilisha majibu. Nguvu ya kwako nikauandikia mfuko wa tatu, na ulegevu wa ule nikakupa wewe. Bosi alisoma, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe na ng'ombe hukosea." Nilifurahi. Siku hiyo nilikula vizuri sana.

Jana ndipo nikakumbuka masika iliyopita, gari lilivyozama palepale mbugani mkambeba mayu kwa kitanda hadi hospitali Bariadi. Kwa kalamu yangu mimi, barabara ile itajazwa udongo unaolegea, na masika mojawapo watakaobebwa kwa kitanda ni mkeo na mtoto.

Ripoti inaondoka Jumatatu. Nitamwambia bosi kabla haijaondoka, na huenda akanifukuza. Lakini najijua, na Jumamosi na Jumapili ni ndefu. Ndiyo maana barua hii naitia posta sasa hivi, kabla sijamkabili. Ukishajua wewe, sitakuwa na njia ya kunyamaza.

Nisalimie mayu, na umsomee yote isipokuwa pale nilipokula vizuri. Shemeji mwambie asibebe ndoo tena. Baba mdogo wa kule Kimali akipita na mifugo yake, mwambie nauliza hali yake.

Mtafiti akirudi huko, mpeleke tena kilimani, umwonyeshe vizuri.

Wivu bado ninao.

Dada yako,
Minza