Vifundo Ulivyoviacha

Baba Zuhura wangu,

Barua zangu za mwanzo hukuzijibu, na hii nakuandikia kwa kuwa sina wa kumwambia. Hapa Malindi tu wazima, ila moyo hautulii. Asubuhi walikuja wawili wa serikali kutazama nyaya zako. Unajua tena, tangu Mapinduzi hapa kisiwani, waya mmoja tu dirishani unatosha mtu kuulizwa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiiita ile mashine mke mwenzangu? Ukitoka kazini, moja kwa moja mezani, harufu ya risasi ya kuungia nyaya mpaka kwenye wali wangu. Taa za redio mbovu, mita moja yenye mshale, na vifundo viwili vya kuzungusha: kimoja cha tarehe ya mwezi mwandamo, kimoja cha saa. Umeme unavijumlisha, mshale unasema maji yamejaa au yamekupwa. Nikikucheka: "Bahari iko hapo nyuma, si ukaichungulie!" Ukinijibu, "Kuyaona maji, kila mtu anayaona. Mimi nataka kuyajua." Looh, ulivyokuwa ukinikera!

Ulipokwenda Mombasa kutafuta taa nyingine, uliviacha vifundo kwenye tarehe sita, saa moja asubuhi. Sikumwachia mtu kuvigusa, hata Zuhura kufuta vumbi. Nikiviona hivyo, kwangu ulikuwa umetoka sasa hivi tu.

Basi leo yule mrefu akauliza, "Bi, hiki kinapeleka habari kwa nani?"

Nikamwambia hakipeleki kokote, kinahesabu maji. Akacheka. "Haya, hesabu tuone."

Ningefanyaje? Wangeibeba, na mimi pamoja nayo. Niliwasha, nikangoja taa zipate moto, nikavizungusha: tarehe kumi na tano, saa nne. Mshale ukaanguka mpaka chini kabisa. Mwenzake akatumwa pwani, akarudi na mchanga miguuni, akasema maji yamekupwa mpaka mbali.

Nikashusha pumzi. Yule mrefu akageuka mlangoni. "Na mwenyewe atarudi lini?"

Nikaizima mashine. Watakuja tena Ijumaa, baada ya sala, kutaka jibu.

Nimejaribu kuvirudisha vifundo pale pale, lakini mkono wangu si wako. Mashine nshajua kuieleza, Baba Zuhura. Wewe sijui niwaambie nini. Niletee hata mstari mmoja, kabla ya Ijumaa.

Mkeo, mwenye hofu,
Mama Zuhura