Kwa Mke Mwenzangu, Kuhusu Ule Mche wa Sabuni

Mke mwenzangu Mama Athumani,

Salamu utazikuta mwisho, maana kwanza nina hasira. Leo peke yake nimefagia mara nne. Mvua ya hapa Tukuyu unaijua, haina likizo, na hawa watoto wanne wanaingia na kutoka, kila mmoja na tope lake. Rukia kamwaga uji mkekani. Wadogo zake wawili wamechora kwa mkaa ukuta niliopaka udongo mweupe juzi tu! Nikipiga kelele wananyamaza, nikigeuka wanaanza upya. Wallahi nimechoka. Nawe uko zako Isongole kwa baba yako, unakula viazi.

Unakumbuka siku balozi wa nyumba kumi alipokuja kukagua usafi? Mimi nilikuwa na ufagio tangu alfajiri, wewe ulisahau kabisa. Ulipomsikia anapiga hodi, ukasukuma nguo chafu zote chini ya kitanda chako, pamoja na kuku aliyekuwa ameatamia. Mzee wa watu akakisifu chumba, kuku naye akaanza kulia. Ukakohoa weee, mpaka akakushauri uende hospitali. Nilikununia siku nzima. Lakini jikoni nilicheka peke yangu mpaka machozi, na hilo sikukuambia.

Nilipougua baada ya kumzaa huyu wangu wa mwisho, wewe ndiye uliyewalea wote. Niliponyanyuka nikakuta maganda ya ndizi uvunguni na masufuria yameganda ukoko. Watoto walikuwa wamenenepa. Mimi nikaona maganda tu, nikaanza kufoka. Ndivyo nilivyo, sijui nani aliniroga.

Sasa ile sabuni. Miezi mizima sabuni iliadimika, tulifua kwa majivu na majani ya mpapai, mpaka kanzu za Baba Rukia za Ijumaa zikawa na rangi ya chai, naye ni fundi cherehani, watu wanamtazama. Siku niliyosikia sabuni imefika duka la ushirika nilipanga foleni tangu kabla ya jua, nikasukumwa, nikakanyagwa, nikapata mche mmoja. Nilikwenda kuswali adhuhuri tu. Kurudi, nakukuta uani na watoto, mche mzima umeuloweka kwenye beseni, mnapuliza mapovu kwa mabua ya majani ya boga! Athumani anaruka akiyapasua. Nawe unacheka kuliko wao.

Nilisema nilichosema. "Wewe hukufundwa, na wanao wanakua wachafu kama ndama." Mbele ya watoto.

Ulifunga kitenge, ukambeba mtoto mchanga mgongoni, ukasema, "Ndaga, dada." Asante ya nini? Bora ungenitukana kwa Kinyakyusa chote ulichonacho. Athumani ukamwacha kwa baba yake, kama desturi inavyotaka.

Nikadhani nitapumzika. Huyo mwanao, Mama Athumani, amekuwa msafi. Miaka minne, na hadondoshi hata punje ya wali. Wenzake wakicheza topeni yeye anakaa kizingitini, nguo kaishika isiguse chini. Nilimtamani mtoto wa namna hiyo maisha yangu yote, na sasa namtazama, tonge nalirudisha sahanini.

Jana nimemkuta nyuma ya nyumba anajisugua miguu kwa jiwe. Imechubuka, damu inatoka, bado anasugua. Nikamnyang'anya jiwe. Akaniuliza, "Mama mkubwa, sasa nimetakata? Mama atarudi?"

Nilikukasirikia wewe kwanza, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, mwanamke gani anaondoka bila kumuaga mtoto wake! Kisha nikamkalisha mapajani, na miguu yake yenye damu kwenye kanga yangu, nikamwambia si uchafu wako, baba, ni mdomo wangu.

Siahidi kwamba sitapiga kelele. Ukirudi nitapiga, unanijua, na wewe utaniudhi, nakujua. Barua hii isome mwenyewe, usimpe kaka yako. Kisomo cha watu wazima tulikaa benchi moja. Baba Rukia hajui kama naandika.

Nimemwambia Athumani mara tatu kwamba aliyekukimbiza ni mimi. Haniamini. Asubuhi hii ameomba tena maji ya kunawa miguu. Njoo umwambie wewe.

Wasalimie wazee wa Isongole, na mchanga mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako, mke mwenzio,
Mama Rukia